Swali la Fedha si Umbea

Mahojiano ya wazi na watu mashuhuri hugusa mambo matatu: burudani wanayoifanya, harakati wanazozisemea na fedha wanazoishi nazo. Katika redio, televisheni na chaneli za YouTube za Tanzania na Kenya, la kwanza huzungumzwa kutwa kucha. La pili husemwa kwa sifa na shukrani. La tatu ama hurukwa, ama hugeuzwa maonyesho ya magari na makabati ya viatu. Mtangazaji anaweza kumhoji mwanamuziki saa nzima kuhusu wapenzi wake wa zamani bila kumung'unya neno, lakini akifika kwenye mkataba huomba radhi kabla hajauliza. Mgeni akijibu kwamba hayo ni ya ndani, mazungumzo huhamia kwingine, na hakuna anayeona kwamba kuna kitu kimekosekana.

Nyuma ya desturi hiyo kuna maoni yaliyozoeleka kiasi kwamba hayatetewi tena: kumuuliza mtu kipato chake ni umbea. Hudaiwa kwamba swali hilo linavunja adabu, linamwita jirani mwenye husuda na mwizi mwenye panga, na halimsaidii msikilizaji kwa lolote. Mwandishi makini, kwa maoni hayo, aulize kazi na mchango wa mgeni kwa jamii, mfuko awaachie magazeti ya udaku.

Maoni hayo ni potofu. Ujira ni jambo la watu wawili, anayepokea na anayetoa. Kila mara swali la fedha linapozimwa kwa jina la heshima ya msanii, anayepata kivuli ni promota, msambazaji, kampuni ya simu, mwenye lebo au chama kilichomkodi kwa kampeni. Msanii mwenyewe hubaki na umaarufu ambao watu hudhani ni utajiri, na msanii chipukizi husaini karatasi ileile aliyoisaini mkubwa wake miaka kumi kabla, kwa sababu hakuna aliyewahi kumweleza imeandikwa nini.

Hoja ya adabu ndiyo yenye mizizi mirefu, nayo ndiyo dhaifu kuliko zote ikipimwa kwa maisha ya watu wenyewe. Msibani kuna daftari la rambirambi, na mtu huketi mlangoni akiandika jina na kiasi. Kamati ya harusi husoma ahadi mbele ya wote, na aliyeahidi laki moja akatoa elfu thelathini hukumbushwa kikaoni. Sanduku la kikoba lina kufuli tatu na washika funguo watatu, na halifunguliwi ila mbele ya wanachama. Katika harambee za Kenya jina la mchangiaji na kiasi chake hutangazwa kwa kipaza sauti. Na katika taarab, ambayo ni burudani ya pwani yenye umri kupita redio zote za Afrika Mashariki, msikilizaji huinuka na kucheza taratibu kuelekea jukwaani, noti ikiwa mkononi inaonekana, akamtuza mwimbaji machoni pa ukumbi mzima. Ujira wa msanii wa Kiswahili ulikuwa hadharani kabla ya kuwa siri.

Kanuni iliyomo katika desturi hizo haina utata. Fedha inayopita katika mikono ya wengi husomwa mbele ya wengi, na fedha ya chumbani hubaki chumbani. Mali bila daftari hupotea bila habari, walisema wahenga, na hawakuwa wakizungumzia duka peke yake. Kinachopaswa kuamuliwa ni upande gani malipo ya mtu mashuhuri yanaangukia. Malipo ya tamasha yametoka kwenye tiketi. Malipo ya tangazo yamo ndani ya bei ya sabuni na muda wa maongezi. Mirabaha inatokana na ada zinazotozwa kwa sheria ya nchi. Wimbo wa kampeni umelipiwa na chama kinachoomba kura. Fedha zote hizo zimepita mikononi mwa umma kabla ya kumfikia msanii, na kuzisoma hadharani ni kuendeleza adabu ileile ya daftari la msibani.

Usiri wenyewe ulikuja na mfumo wa kazi. Bendi nyingi kubwa za Tanzania za miaka ya 1960 na 1970 zilikuwa mali ya taasisi: NUTA Jazz, iliyoanzishwa mwaka 1964, ilikuwa ya chama cha wafanyakazi, na nyingine zilikuwa za jeshi, polisi na mashirika ya umma. Mwanamuziki alikuwa mwajiriwa, na mshahara wake ulijulikana kama wa karani. Nyimbo nyingi zilirekodiwa Radio Tanzania Dar es Salaam, na redio iliyorekodi ndiyo iliyorusha. Mtangazaji wa redio hiyo hangeweza kumuuliza mpiga gitaa amelipwaje na redio hiyohiyo. Vituo binafsi vilipofunguliwa katikati ya miaka ya 1990 na vijana wa Bongo Fleva kuanza kujitafutia wenyewe, mshahara ulikwisha lakini ukimya ukabaki. Kabla ya hapo Nairobi ilikuwa imeshaonyesha gharama ya ukimya huo. Wimbo Malaika, uliorekodiwa na Fadhili William, uliimbwa na Miriam Makeba, Harry Belafonte na kundi la Boney M, ukazunguka dunia nzima, na hadi Fadhili anafariki mwaka 2001 watu walikuwa bado wanabishana nani aliutunga.

Hakuna kisa kinachoonyesha madhara ya kutouliza kuliko cha Amri Athumani, King Majuto. Mchekeshaji huyu wa Tanga aliigiza tangu utotoni, akachekesha vizazi vitatu, na uso wake ukauza bidhaa kwenye matangazo ya biashara. Alihojiwa mara nyingi mno. Aliulizwa vituko, wake zake, uzee wake, Tanga yake. Mikataba ya matangazo yale iligeuka kuwa habari ya kitaifa mwaka 2018, akiwa mgonjwa mahututi, na hapo ndipo aliyekuwa Waziri wa Habari, Utamaduni, Sanaa na Michezo, Harrison Mwakyembe, alipounda kamati ya kupitia mikataba ya wasanii. Majuto alifariki tarehe 8 Agosti mwaka huohuo. Swali ambalo lingeweza kuulizwa na mtangazaji yeyote katika kipindi chochote kwa miongo miwili lilisubiri mpaka likaulizwa na waziri, kando ya kitanda cha hospitali. Waliomheshimu mzee huyo kwa kutomuuliza hawakumsaidia.

Maudhui ya swali hilo hayana uchafu wowote. Je, malipo yalikuwa ya mara moja au ya muda maalumu? Tangazo likirushwa mwaka wa tatu, mwigizaji analipwa tena? Picha yake ikibandikwa kwenye gari la usambazaji, hilo limo katika mkataba? Nani alisoma karatasi kabla ya kusainiwa, na aliisoma kwa lugha gani? Filamu za Kitanzania za enzi za DVD ziliuzwa kwa utaratibu unaofanana na huo: mtayarishaji alimuuzia msambazaji masta kwa bei moja, haki zote zikaenda, na filamu ikiuza nakala elfu au laki, aliyeitengeneza hakupata nyongeza. Watazamaji waliojipanga kununua filamu hizo waliamini wanamtajirisha mwigizaji waliyempenda. Mahojiano yaliyokwepa fedha yaliwaacha katika imani hiyo.

Mwaka 2019 lilitokea jambo la kinyume. Mwanamuziki Harmonize alipoondoka katika lebo ya WCB Wasafi ya Diamond Platnumz, alisema wazi katika mahojiano kwamba alitakiwa kulipa shilingi milioni 500 ili avunje mkataba, na kwamba aliuza baadhi ya mali zake kuzipata. Nchi nzima ilisikia kiasi hicho. Vijana wa Mtwara na Mwanza walioota kusajiliwa na lebo walijua kwamba mlango wa kuingilia una bei ya kutokea. Lakini mjadala ulikatika hapo. Mashabiki waligawanyika, wengine wakamwita mtovu wa shukrani na wengine shujaa, na watangazaji wakafuata mkumbo kwa kuuliza nani anamchukia nani. Ilistahili kuulizwa milioni 500 zilikokotolewa vipi: ngapi zilikuwa gharama za video, ngapi safari na matangazo, ngapi faida ambayo lebo ingeipata kwa miaka iliyobaki. Lebo nayo ilikuwa na haki ya kuulizwa hivyo, maana anayewekeza kwa kijana asiyejulikana hubeba hasara ya vijana wengine wasiofanikiwa, na hoja hiyo ni ya kweli kabisa. Usiri uliinyima lebo nafasi ya kujieleza na ukamnyima kijana wa Mtwara elimu aliyokuwa karibu kuipata.

Miito ya simu inaonyesha matunda ya kusema. Hamisi Mwinjuma, yaani Mwana FA, na Ambwene Yesaya, yaani AY, waliishtaki kampuni ya simu iliyotumia nyimbo zao Usije Mjini na Dakika Moja kama miito bila ridhaa yao. Mwaka 2016 Mahakama ya Wilaya ya Ilala iliamuru walipwe zaidi ya shilingi bilioni 2, na kampuni ikakata rufaa. Lolote lisemwalo kuhusu safari ya shauri hilo katika ngazi za juu, hukumu ya Ilala ilifanya kitu ambacho semina mia za hakimiliki hazikufanya: iliweka tarakimu mezani. Kila mwenye wimbo simuni alianza kujiuliza wake unauzwa kiasi gani na fungu lake liko wapi. Mwinjuma baadaye alichaguliwa mbunge wa Muheza, na mwaka 2023 akawa Naibu Waziri mwenye dhamana ya sanaa. Mtu aliyezungumza fedha zake bila haya aliishia kukabidhiwa fedha za wenzake azisimamie.

Nchini Kenya ubishi wa miito ya simu ya Skiza uliendeshwa hadharani kwa miaka, wasanii wakilalamikia makato kwenye redio na mitandaoni. Sheria ya Hakimiliki kama ilivyorekebishwa mwaka 2022 iliandika mgawanyo kwa tarakimu: mwenye kazi asipate chini ya asilimia 52 ya mapato, kampuni ya simu asilimia 39.5, na mtoa huduma wa kati asilimia 8.5. Mtu anaweza kuona asilimia 52 ni ndogo au ni kubwa. La msingi ni kwamba sasa yeyote anaweza kubisha, kwa kuwa kipo cha kubishia. Kabla ya hapo mgawanyo ulikuwa suala la mkataba na mkataba ulikuwa suala la usiri, na mtu asiyejua anakatwa kiasi gani hawezi kudai arudishiwe.

Mirabaha ya jumla ni somo jingine. Mwaka 2019 wasanii mashuhuri wa Kenya walionyesha hadharani kwamba mgao waliopokea kutoka chama cha hakimiliki cha MCSK ulikuwa shilingi 2,530 za Kenya. Watu waliodhani nyimbo zinazopigwa kila matatu zinamlisha mwenye wimbo waliona kwamba hazimlishi. Nchini Tanzania, taasisi ya hakimiliki ya COSOTA, iliyotokana na sheria ya mwaka 1999, iligawa Januari 2022 mirabaha ya takriban shilingi milioni 312 kwa wasanii 1,123. Ukigawa sawa kwa sawa, kila mmoja hafikishi shilingi 280,000. Taarifa ya milioni 312 ilisikika vizuri kwenye hotuba. Wastani wake ndio unaomhusu mtu. Mahojiano yanayomwuliza mpokeaji mmoja alipata ngapi, kwa nyimbo zipi, na redio zipi hazikulipa, yana uzito kuliko hotuba yoyote ya uzinduzi.

Husuda na usalama haviwezi kupuuzwa. Mtu anayetaja kiasi alichoweka ndani hujihatarisha, na ndugu wakisikia amepata watapiga hodi. Lakini ndugu hupiga hodi hata sasa, tena zaidi, kwa kuwa wanakadiria kwa kuangalia sura kwenye runinga. Mwigizaji wa tamthilia anayelipwa kwa siku ya kurekodi, na ambaye huenda akarekodi siku sita kwa mwezi, huombwa ada ya shule na ukoo mzima unaoamini kwamba televisheni inamlipa kila anapoonekana, na kwamba marudio ya Jumapili nayo yana malipo. Hawezi kukana, maana kukana kunaonekana uchoyo. Mazungumzo ya wazi yanayoeleza waigizaji hulipwaje yangempunguzia mzigo huo bila kutaja salio la mtu yeyote. Swali zuri la fedha halihitaji salio. Linahitaji utaratibu: nani analipa, kwa kipimo gani, lini, na nani anakata njiani. Mwizi hana la kufanya na asilimia 8.5.

Lipo jambo lingine ambalo watetezi wa usiri hawalisemi. Serikali imeshauliza swali hilo, na inajibiwa. Sheria ya Fedha ya Kenya ya mwaka 2023 iliweka kodi ya zuio ya asilimia 5 kwa malipo ya maudhui ya kidijitali, baada ya pendekezo la awali la asilimia 15 kupingwa. Ili kodi hiyo ikatwe, mlipaji hutangaza kiasi. Hivyo mamlaka ya mapato inajua, kampuni inajua, meneja anajua. Asiyejua ni kijana anayeacha chuo akiamini kwamba watazamaji laki moja ni mshahara.

Upande wa harakati ndio uliojaa sifa na uhaba wa maswali. Mtu mashuhuri anayezungumzia malaria, ukeketaji, usafi wa mazingira au amani wakati wa uchaguzi hupokewa studio kwa heshima kubwa, na ni vizuri. Lakini msikilizaji hana njia ya kujua kama aliye mbele yake amejitolea, amelipwa nauli, au ana mkataba wa ubalozi unaomwelekeza hata maneno ya kutumia. Zote tatu ni halali. Kuzichanganya ndiko kunakodhuru, na anayedhurika kwanza ni aliyejitolea kweli. Mwanamuziki Remmy Ongala alipoimba Mambo kwa Soksi kuhimiza kondomu dhidi ya UKIMWI, Radio Tanzania haikuupiga wimbo huo. Alibeba gharama ya msimamo wake kwa kukosa redio pekee iliyokuwapo Tanzania Bara. Leo msanii mwenye msimamo kama huo angeketi kiti kilekile na balozi wa kulipwa, akaulizwa maswali yaleyale, akashukuriwa kwa maneno yaleyale. Bila swali la fedha, kujitolea hakuna alama inayokutofautisha.

Siasa ni zaidi. Kampeni za Tanzania za miaka ya karibuni zimebebwa na majukwaa ya muziki, na mwanamuziki anayepanda jukwaa la chama huulizwa anampendea nini mgombea. Kwa nini asiulizwe shoo ile ilikodiwa kwa kiasi gani ukilinganisha na shoo yake ya kawaida, nani alilipa, na mkataba unamkataza nini baada ya uchaguzi? Mpiga kura anastahili kujua kama anamsikiliza raia mwenzake au mfanyakazi aliye kazini. Wanaosema kuuliza hivyo ni kumdhalilisha msanii wanamdharau wao: wanachukulia kwamba kazi yake si kazi, ndiyo maana kutaja ujira wake kunaonekana tusi. Hakuna anayeona fedheha kumuuliza fundi aliyejenga jukwaa amelipwa ngapi.

Kamari ndiyo mahali ambapo burudani, harakati na fedha za nyumbani hukutana, na hapo ukimya umeharibu nyumba za watu. Nyuso za wanasoka, wachekeshaji na watangazaji zilitumika kuwaaminisha vijana kwamba mkeka wa shilingi mia tano ni mtaji. Mwaka 2025 bodi iliyokuwa ikisimamia kamari nchini Kenya ilitoa masharti yanayokataza watu mashuhuri kutumika kunadi michezo hiyo. Sheria ilifika ilipofika kwa kuwa mahojiano hayakufika. Balozi wa kampuni ya kamari alipaswa kuulizwa studioni, kwa upole na mbele ya wasikilizaji: unalipwa kwa mwezi au kwa kila mteja anayejisajili kupitia jina lako? Wewe mwenyewe unaweka mkeka? Kama kipato chako chote kinatokana na kutangaza na si kubashiri, kijana anayekusikiliza ajifunze lipi kati ya hayo mawili? Jibu la swali la mwisho lingeokoa karo za shule.

Fedha za kila siku ndizo zinazodharauliwa zaidi, eti hazina mvuto. Ukweli ni kwamba maisha ya msanii yanafanana na ya wasikilizaji wengi kuliko ya ofisa wa benki anayealikwa kufundisha uwekezaji. Kipato chake ni cha msimu. Vikundi vya taarab na bendi nyingi za pwani husimama mwezi mzima wa Ramadhani na kuvuna usiku wa Idi. Mvua za masika huua maonyesho ya nje. Malipo ya tangazo huja miezi mitatu baada ya kazi, na ya kampeni huja yote kwa pamoja na kuisha kwa pamoja. Dereva wa bodaboda, mama lishe, mvuvi wa Kigamboni na mkulima wa mahindi wa Mbozi wanaishi hivyohivyo. Mwimbaji anayeeleza jinsi anavyokula kwa miezi ya ukame, jinsi alivyokopa kikoba akarudisha, jinsi kiwanja cha kwanza kilivyomtapeli, anawapa wasikilizaji hao kitu ambacho mtaalamu mwenye mshahara hana. Wala hilo halipunguzi hadhi ya kipindi.

Ugonjwa ndio mtihani wa mwisho wa fedha za kila siku. Joseph Haule, Profesa Jay, mwanamuziki na mbunge wa zamani wa Mikumi, alilazwa Muhimbili mwaka 2022 akiwa hali mbaya. Watu walichanga, serikali ikaingia kusaidia gharama. Baada ya kupona hakujificha. Alizungumza waziwazi, akaanzisha taasisi kwa ajili ya wagonjwa wa figo. Mazungumzo yake ya wazi kuhusu ugonjwa na gharama ndiyo yaliyozaa harakati, na mfano huo unaonyesha kwamba mambo haya hayatenganishwi kirahisi kama wanavyodhani wanaotaka mgeni aulizwe "mchango kwa jamii" tu. Kenya ilipata kisa chake mwaka 2021, Joseph Kinuthia, Omosh wa tamthilia ya Tahidi High, aliposema mbele ya kamera kwamba maisha yamemshinda tangu kazi iliposimama. Wakenya walimchangia na hata kumjengea nyumba. Kisha mjadala ukahamia kwenye mienendo yake binafsi na kudumu huko. Swali la jinsi tamthilia iliyopendwa miaka mingi ilivyolipa waigizaji wake, na kama yeyote kati yao aliwekewa akiba au bima, halikupata hata robo ya muda huo. Huruma ilikusanya michango. Uchunguzi ungewahusu waigizaji wote walio kazini sasa.

Upande mwingine wa maoni yanayotawala unadai kwamba uwazi wa fedha umeshazidi, maana kila siku wasanii wanaonyesha majumba na mabunda ya noti. Hayo si uwazi. Nyumba ikionyeshwa bila kusemwa kama ni ya kupanga, gari bila kusemwa kama ni la mkopo au la promosheni, noti bila kusemwa zimetoka kwa nani, mtazamaji hupata picha isiyo na habari. Maonyesho ya aina hiyo ni ndugu wa ukimya: yote mawili huficha mkataba. Huzaa pia ushindani wa uongo unaowatesa wasanii wenyewe, kwani anayesema ukweli kwamba anapanga chumba na sebule huonekana ameshindwa. Magazeti ya udaku yalistawi palepale penye pengo hilo, yakikisia kile ambacho hakuna aliyekiuliza kwa heshima.

Kasoro ya wahoji haiwezi kuachwa. Chaneli ya YouTube inayotegemea video ndefu haianzi kulipwa na matangazo mpaka ifikishe wafuatiliaji 1,000 na saa 4,000 za kutazamwa ndani ya mwaka, na mwaka 2018 Tanzania iliongeza masharti ya leseni ya maudhui ya mtandaoni yaliyogharimu zaidi ya shilingi milioni 2. Mhoji aliyelipa hayo hutafuta kiki, na ugomvi wa mapenzi hutazamwa kuliko mgawanyo wa mirabaha. Wapo pia wanaopewa chochote na meneja wa mgeni ili swali fulani lisiulizwe, na redio ambazo wimbo haupigwi bila bahasha. Mwenye kipindi kama huyo hana haki ya kumtaka mgeni awe wazi huku yeye amejifunika. Aseme mwanzoni nani amedhamini kipindi, na kama mgeni amelipwa au amelipa kuwepo. Uwezo wa kuuliza upo. Mtangazaji Salama Jabir, katika vipindi vya Mkasi na baadaye Salama Na, alithibitisha kwamba mgeni wa Kitanzania akikaa na mtu anayemsikiliza husema mengi kuliko inavyodhaniwa, na mtangazaji Jalang'o alifanya hivyo Nairobi katika kipindi cha Bonga na Jalas kabla ya kwenda bungeni. Mficha uchi hazai, na wageni wengi wanalijua hilo kuliko watangazaji wao.

Mipaka ipo, na inapaswa kutajwa bila kusita. Kipato cha mke au mume ambaye si mtu wa hadhara hakimhusu msikilizaji. Wala hakimhusu anachopokea mtoto, deni la ndugu, matibabu ya mzazi au kiasi kilichomo benki. Mgeni akikataa kujibu, akubaliwe, na kukataa kwake kusigeuzwe kichwa cha habari. Mikataba mingi ina kifungu cha usiri, na msanii anayekiheshimu analinda riziki yake. Katika hali hiyo mhoji bado ana kazi. Kifungu hicho kimesainiwa na pande mbili, na upande wa pili una ofisi, simu na msemaji. Swali alilonyamazia msanii lipelekwe huko: mnalipa kwa kipimo gani, mnakata nini, na kwa nini mmemkataza asiseme? Kampuni ikijibu, jibu lisomwe hewani. Isipojibu, wasikilizaji waambiwe iliulizwa lini na ikanyamaza.